Piano Iliyoshushwa Hatua Moja

Fomu ya chuo cha muziki ilikuwa na mistari kumi na minne, na Mama Piano alijaza kumi na mitatu. Jina la mtoto, umri wake, nyimbo atakazopiga, yote aliyaandika taratibu, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa midomo, kama mtu anayepiga pasi kola ya shati la bwana harusi. Mstari wa mwisho uliuliza mwalimu wa mtoto ana cheti gani cha kufundisha muziki, na alikipata wapi. Hapo kalamu ikasimama.

Aliyeileta fomu alikuwa binti wa marehemu dada yake, karani wa shule, ambaye Mama Piano alimlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, macho kwenye ile kalamu.

"Mama mdogo, si uandike hata 'uzoefu wa miaka mingi'."

"Wameuliza cheti, hawakuuliza miaka."

"Nilikuambia mimi. Nilikuambia mpaka nikachoka. Kozi yenyewe Jumamosi tu, miezi sita."

"Nikakae dawati moja na watoto niliowafundisha mimi kukunja vidole? Cheti hakipigi piano, mwanangu."

"Hakipigi. Lakini kinafungua mlango wa chumba ilimo."

Mama Piano alicheka, maana binti alikuwa na mdomo wa mama yake mtupu. Mstari lakini aliuacha hivyo hivyo, akaikunja fomu mara mbili na kuitia kwenye bahasha.

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku. Si kwa sababu alikuwa msemaji. Maneno yake ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ukabakiwa na vidole. Ila alikuwa haachi kuimba kwa pua, akila, akifagia, akivaa viatu, hata usingizini mama yake alisema humsikia. Chuo kile kilichukua watoto kumi kila mwaka, wasiotimiza miaka kumi na miwili, kikawafundisha na kuwalisha mpaka wawe watu wazima wenye kazi. Chiriku alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza kumi na miwili. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huo au basi.

Mama Piano hakuzaliwa na jina hilo. Zamani alikuwa mpiga pasi kwenye ukumbi wa sherehe. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi, kimetenganishwa na jukwaa kwa ukuta wa mbao tu, na kila alasiri, wakati yeye akinyoosha vitambaa vya meza, upande wa pili mzee mpiga piano alikuwa akifanya mazoezi. Mkono wake wa kulia ulisukuma pasi. Wa kushoto, bila yeye kuutuma, ukaanza kupiga vidole juu ya kitambaa. Siku moja mzee alichungulia kutafuta maji ya kunywa, akaviona vile vidole. Akasimama na bilauri yake mkononi mpaka wimbo alioukatiza njiani ukaishia kwenye kitambaa cha meza.

"Nani kakufundisha?"

"Ukuta, mzee wangu."

Alimfundisha miaka minne. Daftari hakumpa, wala karatasi ya kusema fulani amehitimu. Alimwambia masikio yake yanatosha. Mzee alipofariki, na ukumbi ulipogeuzwa kuwa ghala la magodoro, piano haikupata wa kuitaka. Wanaume wanane waliibeba mpaka nyumbani kwa mpiga pasi, na ilibidi fremu ya mlango ing'olewe ili ipite. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiiita mke mwenza. "Mwenzako ameamkaje leo?" humwuliza asubuhi. "Nasikia anakohoa."

Kweli ilikuwa inakohoa. Ndipo akaitwa fundi wa piano, mtu mrefu mwenye mfuko wa turubai. Alifungua kifuniko, akakaa humo ndani kutwa nzima. Jioni alijipangusa mikono, akasema:

"Mama, nyuzi zimezeeka hizi. Nikizivuta mpaka mahali pake, zitakatika moja moja kama vifungo vya shati la mtu aliyeshiba. Nimezishusha zote sawasawa, hatua moja, yaani kila kibao kinatoa sauti ya jirani yake wa kushoto. Zenyewe kwa zenyewe zinapatana."

"Itaharibu kitu?"

"Kwa mtu anayejipigia nyumbani, haina neno. Ila wanafunzi wako uwe unawaambia."

Akasema atawaambia. Na mwanzoni aliwaambia, wawili watatu, wakamkodolea macho, maana kwao ilikuwa sawa na kuambiwa nyumba imejengwa mahali pa chini kidogo. Nyimbo zilitoka vizuri. Wakajifunza za harusi na za mahafali, wakaenda zao. Mwaka ukazaa mwaka. Likawa jambo la kusahaulika, kama kovu la mgongoni.

Mama yake Chiriku alikuwa fundi cherehani, chumba kwa chumba na Mama Piano, ukuta mmoja katikati yao. Mtoto alipokuwa wa miaka mitano alizoea kuja kusimama mlangoni, kidole mdomoni, tumbo mbele, akitazama vibao vyeupe na vyeusi. Siku moja Mama Piano aliangusha kijiko sakafuni. Kililia. Yule mtoto, bila kutoa kidole mdomoni vizuri, akanyoosha mkono wa pili akabonyeza kibao. Sauti ileile ya kijiko.

Mama Piano alikiacha kijiko pale pale. Akagonga bilauri. Mtoto akabonyeza. Akagonga mfuniko wa sufuria. Mtoto akabonyeza.

Toka hapo ukawa mchezo wao. Alimfundisha majina, do re mi fa, mpaka haikuhitajika tena kubonyeza. "Hiyo nini?" Kengele ya baiskeli imepita nje. "Sol." "Na hiyo?" Cherehani ya mama inaunguruma ng'ambo ya ukuta. "Fa. Akikanyaga sana inakuwa Sol." Mama Piano alikwenda kwenye piano akahakikisha, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo, wakapigana viganja na kucheka. Miaka sita. Kila siku kijiko, kila siku bilauri, na kila siku piano ikawaambia wote wawili kwamba wamepatia.

Siku ya mtihani Mama Piano alimpigia mtoto gauni pasi mwenyewe, marinda kwa marinda. Akamkagua kucha. Akampa leso. Halafu akasema yeye hatakwenda, goti linamsumbua.

"Twende tu, Mama Piano," fundi cherehani alimbembeleza. "Tutakwenda mdogo mdogo. Mimi nitawaambia nini wasomi wale? Mimi najua pindo na kifungo."

"Huulizwi wewe, anaulizwa mtoto. Nendeni salama."

Goti halikuwa na kitu. Aliogopa kuingia kwenye ule mlango halafu mtu mwenye miwani amwulize: na wewe, mama, umesomea wapi? Aliwasindikiza mpaka kwenye kona, akarudi akitembea vizuri kabisa.

Walirudi mapema mno. Mtoto alipita moja kwa moja kwenda ndani. Fundi cherehani alijibwaga kwenye kiti cha wanafunzi.

"Aibu niliyoipata leo! Mlango ulikuwa wazi, nasikia kila kitu. Anaanza, anaacha. Anaanza, anaacha. Kama mtu anayetafuta chumba kwenye nyumba si yake. Mwalimu anamwambia kwa upole, usiogope. Unajua alimjibu nini? 'Siogopi. Piano yenu imekosea.' Nasikia wanacheka humo ndani. Piano ya chuo! Nikamfinya njia nzima. Sikumzaa aje kuwa na kiburi."

Mama Piano alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye kisahani, na kutoka kisahani mezani. Mle kifuani kitu kilimchoma, kama pini uliyoisahau kwenye nguo ukaja kuivaa.

"Hofu tu," alisema. "Mtoto ni mtoto."

Tusimwone mbaya. Mtu akiona ufa kwenye ukuta wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kitu cha kwanza anachofanya ni kuusogezea kabati. Alijiambia huenda kwenye majibu ya mdomo, yale ya kutaja sauti, alifanya vizuri. Alijiambia asubiri barua.

Wiki mbili zile Chiriku hakuimba. Alikuja kwenye masomo kama kawaida, akakaa kwenye stuli, mikono mapajani. Mama Piano akaangusha kijiko makusudi.

"Hiyo nini, mwanangu?"

Mtoto alikitazama kijiko pale sakafuni kwa muda mrefu.

"Sijui," akasema.

Barua ilipofika, fundi cherehani aliileta bado imefungwa, akamwomba amsomee. Hakuchukuliwa. Nyuma ya barua walibana karatasi ya jaribio la sikio: mwalimu amebonyeza kibao gani, mtoto ametaja kipi. Mistari kumi, na sifuri kumi za wino mwekundu, moja juu ya nyingine, kama vifungo. Mama Piano aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kimebonyezwa Mi, mtoto ametaja Fa. Wa pili: kimebonyezwa Si, mtoto ametaja Do. Wa tatu: Fa, mtoto ametaja kile cheusi cha kulia kwa Fa. Aliteremka na kidole mpaka chini. Kumi zote, jirani wa kulia. Mtoto hakukosea hata moja. Alikuwa amezijibu zote kumi sawasawa kwa piano ya nyumbani kwa mpiga pasi.

"Inasemaje?" fundi cherehani aliuliza.

"Inasema hapana. Niachie hii karatasi mpaka kesho."

Kesho yake alivaa viatu vyake vya kufungia, akaenda chuoni peke yake. Alikaa na njaa yake juani, kwenye benchi la nje, mpaka walipomwita. Mkuu wa mtihani alikuwa mwanamke wa umri wa yule binti yake karani, ana sweta la mikono mifupi na kalamu nyekundu sikioni. Alimwamkia, akampa kiti. Mama Piano alieleza yote: fundi, nyuzi, kijiko, bilauri. Alipomaliza aliongeza lile ambalo hakuulizwa:

"Na cheti sina. Sijawahi kuwa nacho."

Mwanamke aliichukua karatasi ya jaribio, akaisoma tena kutoka juu. Alipofika mstari wa tano alitoa kalamu sikioni na kuiweka mezani.

"Tuliona ni mtoto anayebahatisha," alisema. "Watoto sabini kwa siku moja, mama. Nani anaangalia kosa linaelekea wapi?" Akairudia mistari ile kwa kidole. "Sikio kama hili sijawahi kulifundisha."

"Basi mchukueni."

"Nafasi zimejaa, na majina yamekwisha kupelekwa. Na umri wake unapita." Akasugua kipaji cha uso. "Mama, kwa nini hukuja naye? Unaona kinanda kile cha umeme pale kwenye kona? Kina kitufe. Unabonyeza mara moja, kinashuka hatua moja chote. Ungesema neno moja tu asubuhi ile, angepigia hicho."

Mama Piano alikitazama kile kinanda. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha meza chenye mikunjo.

"Kuna mlango mwingine, wa wakubwa, akifika kumi na sita," mwanamke alisema. "Lakini sikio lazima linyooshwe kuanzia sasa. Kila siku asikie sauti zilizo sahihi, na zile za zamani asizisikie kabisa. Asizisikie kabisa, mama. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

Njiani alijaribu maneno mengi. Alipofika kwa fundi cherehani yote yalikuwa yamemkimbia, akasimama tu katikati ya vipande vya vitambaa.

"Mtoto hakukosea. Nimekosea mimi."

Akamweleza. Fundi cherehani hakuinua kichwa. Aliendelea kushona mshono ule mpaka mwisho, akapita pindo, akashona hewa, sindano ikipanda na kushuka bila nguo chini yake. Ndipo alipoondoa mguu.

"Ulijua piano imeshuka?"

"Nilijua. Sikujua kwamba inamharibia mtoto."

"Mwenye cheti angejua?"

Mama Piano angeweza kusema mengi hapo. Kwamba mwenye cheti asingepoteza jioni zake kwa mtoto wa kidole mdomoni. Kwamba labda asingeangusha kijiko.

"Angejua siku ya kwanza," alisema.

"Na ungekwenda naye siku ile?"

"Angechukuliwa."

Fundi cherehani alifunika uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Nilimfinya," alisema ndani ya kitambaa. "Njia nzima namfinya, na mtoto anasema kweli."

Chiriku alikuwa mlangoni. Hawakujua amesimama pale tangu lini.

"Kwa hiyo kijiko si La?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu, si La. Ni kile cheusi cha kushoto kwake."

"Na bilauri?"

"Nayo."

"Na cherehani ya mama?"

"Nayo pia. Vyote. Sogeza vyote hatua moja."

Mtoto aliitazama cherehani, akatazama mkasi, akatazama bomba la maji pale nje lililokuwa linadondosha tone tone kwenye ndoo, jina la kila kimoja alikuwa nalo tangu akiwa na miaka mitano. Hakulia. Alikwenda akafunga bomba.

Siku tatu baadaye karani alikuja na suluhisho. Shuleni kwao kulikuwa na kinanda kidogo cha umeme na kijana wa kukifundisha, mwenye cheti chake kwenye fremu. "Hana subira," alisema, "na sijui kama amewahi kucheka. Lakini sauti zake ziko mahali pake." Chiriku angekuwa anakwenda kila siku baada ya masomo.

"Vizuri," alisema Mama Piano.

"Na hii hapa, mama mdogo." Akaweka mezani fomu nyingine, ya ile kozi ya Jumamosi. "Najua utasema umechelewa."

"Nimechelewa. Nipe kalamu."

Aliijaza yote safari hii. Palipouliza kama anafundisha kwa sasa, aliandika hapana. Halafu akatoka na bisibisi, akakitoa kibao cha mlangoni kilichoandikwa masomo ya piano. Parafujo zilikuwa zimeshika kutu, ilibidi azibembeleze.

Ukuta ulibaki ule ule, na mwembamba vile vile. Akikohoa huku, kule wanasema pole. Kwa hiyo ilimpasa afanye lile alilolielewa tangu kule chuoni, ingawa hakumtajia mkuu wa mtihani. Alifunga kifuniko cha piano kwa ufunguo, akapeleka ufunguo kwa fundi cherehani.

"Wa nini?"

"Mtoto anasikia. Na mimi mkono hausikii nikiukataza. Kaa nao mpaka afike kumi na sita."

Fundi cherehani hakumwambia karibu ukae. Aliupokea, akautia kwenye kopo la vifungo. Toka hapo walisalimiana asubuhi, shikamoo na marahaba, na si zaidi.

Mama Piano alirudia kazi yake ya ujanani. Watu wa mtaa wakamletea shuka na mashati, naye, kwa kuwa chumba ni kidogo, alitandika blanketi juu ya kifuniko cha piano na kupigia pasi hapo hapo. Mkono wa kulia ulisukuma pasi. Wa kushoto ulianza tena mambo yake juu ya kitambaa, bila sauti, na hapo hakuweza kuulaumu.

Alasiri moja ng'ambo ya ukuta kitu kilianguka. Kijiko, alikijua. Aliinua pasi ili isichome, akasubiri. Alimsikia fundi cherehani akisimamisha cherehani yake, kisha akiuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa:

"Hiyo nini?"

Pasi ikaanza kupoa mkononi mwake.

"La," sauti ya Chiriku ikasema. Halafu ikasema, "Hapana. Ngoja."

Vidole vya Mama Piano vilikuwa juu ya blanketi, pale pale ambapo chini yake palikuwa na jibu. Aliviondoa, akaviweka mfukoni mwa aproni, akasubiri pamoja naye.